Tairi Zenye Uzoefu

Hivi wewe, umeshawahi kuombwa uzoefu wa miaka kumi ndipo uajiriwe kufunga magurudumu? Nekesa aliombwa. Digrii ya uhandisi alikuwa nayo, kazi hana. Kiptanui, mwenye gereji kubwa pale Nakuru, alimjibu mbele ya mafundi wake wote: "No experience, no job, dada. Hapa si chuo."

"Sawa, bosi. Basi niache nikuchagulie tu tairi na rimu za ile pikipiki yako ya mwaka hamsini na nane. Bure. Ukizikataa, uniambie sababu mbele ya hawa hawa."

Kiptanui akacheka. Alikuwa ameiunda upya pikipiki hiyo kwa miaka miwili, yakawa yamebaki magurudumu tu. Cha bure akakikubali.

Kesho yake Nekesa akamletea rimu zenye kutu na tairi vipara.

"Takataka gani hizi?"

"Pole pole, bosi. Hizi zina uzoefu wa miaka ishirini. Lodwar zimeenda na kurudi."

"Una wazimu? Nataka mpya! Mpya ndiyo inashika barabara!"

"Lakini mpya haina experience hata ya siku moja."

"Sasa itaupata wapi uzoefu kabla haijafungwa? Ifunge, itembee, itajifunza huko huko!"

Mafundi wakaangua kicheko. Nekesa akatoa barua yake ya kuomba kazi, na kalamu. "Asante, bosi. Sababu hiyo hiyo iandike hapa chini."

Kiptanui akawatazama mafundi wake, akaandika, akatia sahihi.

Nanyi mnaotunga matangazo ya kazi, lifuteni hilo sharti. Leo, si kesho!