Bwana Chui Alipokuja Kumsifu Mwana wa Bi Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala?

Aamshwe!

Aliyeshiba?

Asisinzie!

Aliyeacha sufuria bila kuosha?

Mbona kimya? Haya, sufuria tutazizungumzia baadaye. Hadithi imefika mlangoni, ipisheni ikae.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na viwanja na viwanja vilipokuwa na majani, aliishi Bi Pimbi kwenye jabali kubwa lenye nyufa nyingi. Alikuwa mdogo, wa kijivu, hana mkia, na alikuwa amechoka. Alichoka kwa sababu alikuwa na watoto wengi, na watoto wengi hula, na wakishakula huuliza kuna nini kingine.

Mkubwa wao aliitwa Chapuo, na Chapuo alikuwa mrushaji.

Wanyama wa pande zile walicheza mpira wa kurusha na kukimbia. Timu mbili husimama uso kwa uso, kisha huvamiana, puu! Nyuma ya kila timu husimama mmoja tu, huyo ndiye mrushaji. Wenzake wanatawanyika mbio, maadui wanamjia kama mafuriko, naye hana ruhusa ya kuogopa. Anatazama nani yuko wazi, kisha anarusha. Chapuo akirusha, mpira uliondoka vuuuu! ukapita juu ya vichwa, ukapita juu ya miiba, ukatua kifuani kwa mwenzake, pap! Hata aliyeudaka alishangaa.

Sifa zina miguu. Zilishuka jabalini, zikavuka bonde, zikamfikia Bwana Chui.

Asubuhi moja Chui akaja. Nyatu, nyatu, nyatu. Akaketi chini ya jabali, akakunja mkia, akasafisha koo.

"Hodi wenyewe!"

Bi Pimbi akatoa pua kwenye ufa. Pua tu. "Hodi ya nani?"

"Ya heri, mama. Mimi ni mteuzi wa Chuo cha Ng'ambo. Nachagua vijana wenye vipaji, nawapeleka chuoni. Kule wanasoma, wanacheza, wanakula, wanalala. Nimekuja kwa ajili ya mwanao."

Habari za Chuo cha Ng'ambo kila mnyama alikuwa nazo. Aliyewahi kurudi kutoka huko, hakuna aliyemjua. Bi Pimbi akamtazama mgeni wake kuanzia masharubu hadi makucha. Kwa mtu wa chuo, makucha yalikuwa marefu mno. Kwa mtu aliyetoka safari ndefu, tumbo lilikuwa kubwa mno.

Kabla hajajibu, jirani yake Kanga aliruka kutoka mtini, kakakakaka!

"Shoga! Shoga wee! Chuo hicho! Mtoto katoka! Sasa utakula umekaa!"

"Nakula nimekaa siku zote," akasema Bi Pimbi. "Wewe unakula umesimama?"

Chui akacheka kidogo, kwa adabu. "Mama, mimi nimewaona wote. Nilimwona Ngedere Kombeo. Unamjua Ngedere Kombeo?"

Nani asiyemjua? Watoto walimwimba. Ngedere Kombeo aliweza kurusha mpira ukavuka mto.

"Basi mkono wa mwanao ni mkono wa Ngedere Kombeo. Ule ule. Umejaa hapa begani, hauna mafuta mengi, umekaza vizuri."

"Na sasa Ngedere yuko wapi?"

"Yupo, yupo. Ametulia. Nilimwona pia Komba Jicho, yule aliyekuwa anaona mbele na nyuma. Jicho la mwanao ni jicho la Komba. Ila Komba alikuwa mdogo mno, mifupa mitupu."

"Na sasa Komba yuko wapi?"

"Yupo, yupo. Ametulia. Nilimwona Paa Mwepesi. Ah, mama! Walikuwa wanamvamia kumi, anatoka katikati yao kama maji. Kiuno cha mwanao ni kiuno cha Paa. Na paja! Paja la Paa lilikuwa..." Chui akameza mate, gulu! "Lilikuwa paja la mchezaji."

"Na sasa Paa yuko wapi?"

"Mama, nawe! Yupo. Naye ametulia."

Bi Pimbi akatoa kichwa chote. Alikuwa na swali lingine, dogo, la nyumbani.

"Ngedere Kombeo alipenda kula nini?"

Chui akapepesa macho. "Kula?"

"Amekaa kwako, amelala kwako, amekula kwako. Alipenda nini?"

"Mama, mimi ni mteuzi, si mpishi."

"Komba je? Kulikuwa na kitu alichokuwa hali?"

"Sikumbuki mambo hayo."

"Paa?"

"Alikuwa mnono! Sijui alikula nini, lakini alikuwa mnono!"

Bi Pimbi mwenyewe alijua nani kati ya watoto wake hali majani ya mkunazi, nani anakula maua tu na kubakiza kijiti, nani anatapika akila ubuyu mchanga. Ukimlisha mtoto wa mwenzio hata mchana mmoja, utajua anachokataa. Huyu alikumbuka mabega, akakumbuka mapaja, ila sahani hakukumbuka hata moja. Basi hakuwalisha. Na kama hakuwalisha, hilo tumbo limelishwa na nani?

Alitaka kuingia ndani na kumwacha Chui akauke na jua. Jabali lile nyufa zake ni nyembamba, mkono wa chui hauingii. Ndiyo maana Chui alikuja na sifa. Asiyeweza kuingia humfanya aliye ndani atoke.

Na aliye ndani alikuwa ameshatoka. Chapuo alisimama juu ya jabali, ameshajipaka vumbi kifuani kama mchezaji, macho yanang'aa.

"Mama, nimelinganishwa na Ngedere Kombeo, halafu wewe unauliza habari za chakula?"

"Rudi ndani, Chapuo."

"Sirudi. Wewe hutaki nifike popote. Ukinizuia leo, kesho utakwenda kuchuma majani, nami nitashuka mwenyewe."

Bi Pimbi akajua kwamba hilo ni kweli. Kesho angekwenda kuchuma majani. Keshokutwa pia. Mwenye watoto wengi hawezi kukaa mlangoni kumlinda mmoja. Akimfukuza Chui kwa maneno, mtoto atamfuata Chui kwa miguu.

"Nani kakuzuia?" akasema. "Bwana mteuzi, pumzika hapo kivulini. Jua likipoa mtaondoka. Mtoto hatoki kwao bila kuagwa."

"Una akili, mama," akasema Chui.

"Wananiambia."

Kanga alifurahi hata akakimbilia kiotani kumletea mgeni mayai. Alirudi ameduwaa.

"Shoga, nilitaka kumpa yale viza tu. Amenifuata, amekula yote. Na mazima amekula. Na majani ya kiota amelamba."

"Na bado unasema ni mteuzi?"

"Mteuzi lazima ale vizuri," akasema Kanga, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Chui akalala. Khoroo, khoroo. Bi Pimbi akashuka upande wa pili wa jabali, mahali mbungo ulipotambaa. Huko ndiko watoto wote walikotengenezea mipira yao. Unachanja mbungo, unatoka utomvu mweupe, unauvingirisha, unauanika, ukikauka unaruka. Usipokauka unanata. Bi Pimbi aliujua utomvu ule kuliko alivyotaka. Ulishawahi kunata kwenye manyoya ya kila mtoto wake, na kila mara yeye ndiye aliyeng'oa, unyoya kwa unyoya, mtoto akipiga kelele.

Akachanja, tii. Akachanja tena, tii, tii. Akavingirisha mpira mkubwa, mbichi, wa kunata, kisha akaubiringisha kwenye vumbi. Ukawa kama mpira mwingine wowote.

Akarudi, akaita, "Bwana mteuzi, amka. Mtoto yuko tayari. Limebaki jambo moja tu, mila ya hapa jabalini."

"Mila gani tena?"

"Anayemchukua mtoto hudaka mpira wake wa mwisho. Kwa mdomo. Fisi alipokuja kuchagua wachezaji, alidaka."

Fisi hakuwahi kufika, na mila hiyo ilikuwa na umri wa pumzi moja. Lakini masikio ya Chui yalisimama.

"Fisi? Fisi naye ni mteuzi?"

"Tena mkubwa! Wazee husema mteuzi kama Fisi hajazaliwa. Alisimama hapo hapo ulipo, akafungua kinywa, mpira ukaingia wote. Hakurudi nyuma hata kidogo. Kinywa kilikuwa kinywa!"

"Mama, unanilinganisha mimi na Fisi?"

"Sikulinganishi, bwana. Tumbo lako ni tumbo la Fisi, hilo naona. Shingo yako ni shingo ya Fisi. Kinywa ndicho sijakiona. Nahisi chako ni kidogo."

"Kidogo!"

"Si kosa lako. Kila mtu na alivyoumbwa."

Kanga akadakia, maana kiota kilikuwa kitupu na uchungu ulikuwa umeanza kumpanda. "Hata mimi nilipomwona akila mayai niliona anakula kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo!" Chui akanguruma. "Mpandisheni huyo mtoto! Arushe!"

Chapuo akapokea mpira. "Mama, mbona mzito?"

"Wa sherehe huo. Usiukumbatie, utakuchafua kifua. Rusha haraka."

Chini ya jabali Chui akapanua miguu, akainua kichwa, akafungua kinywa. Akafungua kama Fisi. Akafungua kumshinda Fisi. Chapuo akavuta mkono nyuma, akatazama pa kulenga, maana mrushaji hutazama kwanza. Na kwa mara ya kwanza akakiona Chuo cha Ng'ambo kwa ndani. Kilikuwa chekundu na kirefu. Hakikuwa na kiwanja, wala kitanda, wala sahani. Kilikuwa na meno.

Akaushusha mkono.

"Mama," akanong'ona. "Mama, Ngedere Kombeo..."

"Ndiyo," akasema Bi Pimbi. "Wanakujia, mrushaji. Nani yuko wazi?"

Chapuo akauvuta mkono nyuma tena. "Yeye."

"Basi."

Vuuuu! Mpira ukashuka jabalini, ukapita juu ya miiba, ukaingia kinywani, pwaata! Chui akafunga kinywa ili autafune, akatafuna mara moja tu. Meno ya juu yakashika, meno ya chini yakashika, ulimi ukabaki katikati kama mgeni aliyefungiwa ndani. Akavuta, utomvu ukavutika. Akaachia, ukarudi, pwaap! Akajaribu kuutoa kwa mguu, mguu ukanata shavuni.

"Mmmm!" akasema Chui. "Mmmm! Mm-mm-mmmm!"

"Anasema nini?" akauliza Kanga.

"Anasema hajawahi kuona mrushaji kama huyu."

Chui akaruka kwa miguu mitatu, kwata, kwata, akagonga mti, akainuka, akaenda zake bondeni, kinywa kimefungwa na mguu umebandikwa shavuni kama mtu mwenye jino bovu. Kanga akamfuata kwa matusi ya mayai mpaka sauti yake ikaisha. Tangu siku hiyo, jabalini hakikufika chuo kingine chochote.

Chapuo akaketi kwenye jiwe. Akajifuta lile vumbi kifuani. Kisha akasema, "Mama, nimerusha vizuri?"

"Umerusha vizuri."

"Kama nani?"

"Kama wewe. Sasa inuka. Una utomvu kwenye nyusi, na mimi sina mchana kutwa."

Akamshika kichwa, akaanza kung'oa, unyoya kwa unyoya. Chapuo akapiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde.

Mimi nimeikuta hadithi imelala, nimeiamsha, nimeilaza tena. Msiipigie kelele.

Nani amejifunza? Hakuna? Basi shikeni fundisho lake. Mgeni akija kumsifu mtoto wako, nyamaza, tikisa kichwa, sema ahsante. Usiulize maswali, maswali ni kukosa adabu. Mtazameni Bi Pimbi: kwa midomo yake tu, mwanawe amekosa chuo. Angenyamaza kama wazazi wenye busara, leo Chapuo angekuwa anatajwa pamoja na Ngedere Kombeo, na Komba Jicho, na Paa Mwepesi. Naye angekuwa ametulia.