Wale Wale wa Ukingoni

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mto na ukingo, mgongo na mdomo. Aliyeshiba asogee kidogo, mwenye njaa ya kusikia akae karibu.

Siku ile ya udongo mwekundu walikuwepo Fahali Tambo, mkuu wa nyati. Mama Kidoti, nyati mwenye ndama mmoja. Kidoti mwenyewe, aliyekuwa amelala chini. Bi Shingo, mkubwa wa yangeyange. Na Ngiri, ambaye hakualikwa. Mamba naye alikuwepo, lakini alikuwa usingizini, basi tusimhesabu.

Ila tusianze na siku ile. Tuanze nyuma yake, tujue udongo uliletwa na nini.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, nyati waliishi kando ya mto mmoja pamoja na yangeyange, wale ndege weupe wenye miguu mirefu. Nyati walikuwa na kupe. Yangeyange walikuwa na njaa. Wakapatana.

Yangeyange alipanda mgongoni, akadonoa kupe, akashiba. Akishiba alishuka ukingoni, akasimama kwa mguu mmoja, akatuliza tumbo. Njaa ikirudi, alipanda tena. Mmoja akishuka hapa, mwingine anapanda pale. Hakuna aliyepanga zamu, wala hakuna aliyeitwa jina.

Fahali Tambo alikuwa na kichuguu chake. Kila asubuhi alipanda juu yake kuhesabu raia, maana mkuu asiyehesabu atajuaje kama ni mkuu? Alihesabu kwa kutikisa kichwa. Alitazama migongoni, akaona ndege. Alitazama ukingoni, akaona ndege wamesimama kwa mguu mmoja. Kesho yake migongoni wengi vile vile, ukingoni wengi vile vile. Keshokutwa vile vile.

Ikamuudhi. Akasema ndege hawa ni wa aina mbili, wachapakazi wanaokaa migongoni, na wavivu wanaokaa ukingoni. "Kila siku nawaona," akasema. "Wale wale."

Mama Kidoti alisikia. Yeye hakuwa na kichuguu. Alikuwa na ndama, na mwenye ndama hutazama karibu. Alikuwa ameona kwamba asubuhi mgongoni kwa Kidoti hukaa yangeyange mwenye kidole kilichopinda, na jua likipanda huja mwingine mwenye sauti ya kukwaruza. Yule wa kidole kilichopinda, jua likiwa kali, alikuwa akikunjua bawa moja akamkinga ndama macho. Hakuambiwa na mtu. Alikinga tu, huku akiendelea kula.

Siku hiyo Fahali Tambo alishuka kwenye kichuguu akawakimbilia wa ukingoni kwa pembe. Ndege wakaruka, wakavuka mto, wakatua ng'ambo. Ukingo ukawa mtupu. Fahali akatembea mbele ya kundi akitingisha mkia, akasema sasa wamebaki wachapakazi watupu.

Haya, wachapakazi wakala, wakashiba. Aliyeshiba hufanya nini? Alishuka ukingoni, akasimama kwa mguu mmoja. Lakini ukingoni hapakuwa na mwenye njaa wa kupanda badala yake. Jioni ilipofika, ukingoni kuna ndege, na migongoni wamepungua.

Fahali Tambo akatazama, akatazama tena. "Wale wale wamerudi," akasema, akawafukuza nao. Asubuhi yake wengine wakashuka. Migongoni wakapungua zaidi. Kila akikamua huku, kule kunakauka.

Kupe wakafanya karamu. Kidoti alikuwa mdogo, damu yake si nyingi. Akawa mzito wa macho, fizi zake zikawa nyeupe. Mama yake alipomsogezea ziwa, alinyonya kidogo akaliachia. Mama Kidoti akajua kwamba ndege wasiporudi, mwanawe hatauona mwezi mwandamo.

Ndipo akaja Ngiri. Ngiri hula akiwa amepiga magoti, na kwa sababu hiyo wanyama wengi hudhani ana heshima. Akamwambia mkuu kwamba dawa anayo, ni wimbo. Ujira wake ni kugaagaa katika tope la mkuu. Fahali akakubali. Ngiri akaimba:

"Panda, panda, usikawie,
kupe mnono akungojee."

Kweli, wimbo ulikuwa na nguvu. Ndege wakapanda mbio, wakadonoa mbio. Wakashiba mbio, basi wakashuka mbio pia. Vumbi likatimka, manyoya yakaruka, kila mtu akasema leo kazi ipo. Jua lilipoinama Fahali akahesabu. Migongoni wangapi? Vile vile. Ukingoni je? Vile vile.

"Lakini wamekwenda upesi," akasema Ngiri, tope likiwa limemfika masikioni.

"Wamekwenda upesi wapi?" akauliza Fahali.

Ngiri akasema hilo halikuwa katika wimbo.

Fahali Tambo akawaza, na kwake kuwaza kulikuwa kazi ngumu. Akakata shauri kwamba kosa ni la ukingo. Ukingo usipokuwepo, ndege atashukia wapi? Akalihamisha kundi lote mpaka mbugani, mahali pasipo na mto wala kivuli. Na Kidoti akajikokota nyuma, mama yake akimsukuma kwa pua.

Kule jua likawaka. Migongo myeusi ya nyati ikawa kama vikaango. Yangeyange alitua, akainua mguu huu, akainua na huu, hakubakiwa na mguu wa kusimamia. Nyati nao kwa joto wakawa wanatikisika ngozi na kujipiga mikia. Ndege wakaruka mmoja mmoja kwenda kukaa juu ya miiba. Kwa kuwa hakukuwa na ukingo, walijitafutia mwingine. Migongoni wakabaki wa kuhesabika. Mmoja wao alikuwa yule wa kidole kilichopinda, bawa lake limekunjuliwa juu ya macho ya Kidoti.

Kidoti akapiga magoti, akalala ubavu.

Mama Kidoti akamwendea mkuu. Hakupaza sauti. Akasema, "Bwana Tambo, turudi mtoni. Wale uliowafukuza si wavivu. Walikuwa wameshiba tu. Waite warudi."

Fahali akasema hajawahi kuona mama mwenye ndama mmoja akimfundisha hesabu mwenye kundi zima. Wa ukingoni ni wale wale.

"Ni wengi vile vile," akasema Mama Kidoti. "Si wale wale."

Nyati wakatulia kusikiliza, maana maneno hayo mawili ni ndugu, ila hayakunyonya ziwa moja.

Mama Kidoti akaweka sharti. Warudi mtoni. Asubuhi, wote watakaosimama ukingoni wakanyage udongo mwekundu. Jua likiinama, mkuu ahesabu. Wenye miguu myekundu wakiwa bado ukingoni, yeye na mwanawe watatoka kundini waende zao. Wasipokuwepo, mkuu mwenyewe atavuka mto akawaite ndege aliowafukuza.

Nyati mwenye ndama mgonjwa akitoka kundini haendi mbali. Simba wanajua hilo, na Mama Kidoti alilijua. Fahali naye alilijua, akacheka, akakubali.

Wakarudi usiku kucha, pole pole, wakimsubiri Kidoti, na kulipopambazuka ndege wa miibani wakawafuata.

Asubuhi Fahali akawachagua wa ukingoni mwenyewe, asije akadanganywa. Bi Shingo akawaomba ndege wake wakanyage udongo. Wakakanyaga, wakainua nyayo kuzitazama, wengine wakasema zimependeza. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli yake. Ngiri akataka kuimba, akaambiwa apumzike.

Mchana ulikuwa mrefu kwa Mama Kidoti. Alimlamba mwanawe, akatazama ukingo, akamlamba tena. Macho ya Kidoti yalikuwa wazi nusu.

Jua likainama. Fahali Tambo akapanda kichuguu, akatikisa kichwa, akahesabu ukingoni. Akakohoa kwa furaha. "Vile vile," akasema. "Sikuwaambia? Wale wale."

"Miguu, Bwana Tambo," akasema Bi Shingo kwa upole.

Fahali akatazama miguu. Wa kwanza, miguu myeusi. Wa pili, myeusi. Akashuka kwenye kichuguu, akawapitia mmoja mmoja, pua chini kama anayetafuta sindano. Mweusi, mweusi, mweusi. Mwekundu mmoja tu, naye alikuwa akijinyoosha apande.

"Wavivu wangu wako wapi?" akauliza. "Wale wenye miguu myekundu wamekwenda wapi?"

Nyati walimtazama, kisha wakatazama juu yake kidogo, kisha wakatazama chini. Ngiri aling'ata nyasi asicheke.

Ndipo ikasikika sauti ndogo kutoka chini. Ilikuwa sauti ya Kidoti, na hakuwa amesema neno tangu mbugani.

"Babu, yuko mgongoni kwako. Anakula."

Na kweli, juu ya mgongo wa mkuu, katikati kabisa, alisimama yangeyange mwenye miguu myekundu kama aliyepakwa hina, akichomoa kupe mkubwa mahali ambapo Fahali alikuwa akijikuna kwenye mti tangu kupe walipoanza karamu yao, asipafikie.

Fahali Tambo akataka kukasirika, lakini pale mahali palikuwa pamemwasha kweli, akajikuta anafumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, alitazama migongo mingine. Miguu myekundu huku, miguu myekundu kule. Akainamisha kichwa.

Akavuka mto. Maji yakamfika kidevuni, akaita akiwa kule kule majini, kwa sauti ambayo nyati hawakuijua, "Ndugu zangu, nilikosea. Rudini." Ndege wa ng'ambo wakamwacha arudie, si sana, kiasi cha adabu. Kisha wakaruka wote, mto mzima ukawa mweupe.

Wakatua. Walitua wapi? Wengi migongoni, na wengine ukingoni. Kote kukaongezeka. Fahali akafungua mdomo kusema wa ukingoni wamezidi, Mama Kidoti akamtazama, akaufunga.

Siku zilizofuata walihamia kwenye bonde jembamba lenye kivuli, kwa ombi la mama yuyo huyo. Migongo ikapoa, nyati wakakaa karibu karibu, na ndege wakapenda kukaa juu bila kuamriwa na mtu. Kupe wakaanza kujuta. Yule wa kidole kilichopinda akashinda na Kidoti.

Enyi mnaosikia, anayeonekana amesimama huenda ametoka kazini sasa hivi, na wewe ndiye uliyechelewa kutazama. Kitu kisichobadilika idadi si kwamba hakitembei, huenda kinatembea pande mbili. Ukikifukuza upande mmoja, utakikosa wa pili. Na ukitaka wengi wapande, usiwapigie kelele. Wapozee mgongo.

Hadithi yangu imeshiba, imeshuka ukingoni. Mwenye njaa nayo aipandishe.

Masika yalipofika, Kidoti aliachishwa ziwa.