Bwawa la Uani kwa Sange

Hapo zamani za kale, na nikisema kale ni kale hasa, si hiyo kale yenu ya juzi, wanyama walikuwa na nyumba zao, kila nyumba ina kibaraza mbele na uani nyuma. Kaeni vizuri. Wewe uliyekalia mguu wa mwenzako, sogea kidogo. Haya.

Katika mji huo alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Kanyama kadogo, hakamzidi panya sana, kenye pua ndefu isiyotulia. Chu-chu-chu, mchana kutwa pua inanusa, inapinda huku, inapinda kule.

Uani kwa Sange palikuwa na shimo pana, lililobaki tangu watu wa mji walipochimba udongo wa matofali. Kila aliyepita alimwambia, "Lifukie hilo, utakuja kutumbukia." Sange hakulifukia. Alitaka bwawa. Alitaka asubuhi akae na kikombe chake cha chai, ayaone mayungiyungi yamechanua juu ya maji na samaki wanapita chini yake.

Basi akalifagia shimo, akalisawazisha kwa jembe, akajaza maji kibuyu kimoja kimoja tangu alfajiri hadi jioni. Alipoamka kesho yake, fwiii! Hata tone. Mchanga umeyanywa yote.

Hayo yangekuwa mambo ya kununa siku mbili na kusahau. Lakini asubuhi hiyohiyo hodi ikapigwa.

"Hodi! Hodi jamani! Fungua upesi, shoga, nimebeba roho za watu!"

Alikuwa Chura, shoga yake, kajitwika mtungi. Ndani ya mtungi walikuwemo perege saba wadogo, wamebanana, midomo juu ya maji, pa, pa, pa, wanatafuta hewa.

"Kidimbwi changu kimekauka," alisema Chura, huku anahema. "Kiangazi cha mwaka huu hakina adabu. Nimewaokota hawa kwenye tope, mmoja mmoja."

"Si uwapeleke mtoni?"

"Mtoni kuna kina Mamba! Hawa kwao ni vitafunio tu. Nikajisemea, Sange ana bwawa."

"Nilikuwa nalo jana," alisema Sange.

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakainamia mtungi. Maji yalikuwa machache na yameanza kupata moto. Perege mdogo kuliko wote, yule mwenye mkia uliokatika ncha, alikuwa ameanza kulalia ubavu. Sange alipomwona, pua yake ikatulia. Watoto, haikuwahi kutulia tangu azaliwe. Roho ilimuuma.

"Hawa hawafiki usiku," alisema taratibu.

"Hawafiki," alisema Chura. "Na shimo lako linavuja kwa sababu chini ni mchanga mtupu. Bwawa hutandikwa udongo wa kichuguu, ukalowanishwa, ukakanyagwa mpaka ukashikana kama sakafu. Marehemu mama alinifundisha."

Kichuguu kilikuwepo palepale uani, kikubwa, mchwa wake walihama zamani. Wakakivunja, wakautandaza udongo shimoni, wakaulowanisha kwa maji ya kisima. Kisha Sange akaingia kuukanyaga. Pti, pti, pti, pti! Aliruka mpaka ulimi ukamtoka nje. Alipogeuka kutazama kazi yake, aliona vialama vidogo kama vya kifaranga aliyepita kwa haraka.

"Hapa panataka miguu," alisema Chura. "Miguu yenye watu wazito juu yake."

Sange akatoka mbio hadi kwa Tembo, jirani wa kulia.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Nani huyo? Mbona simwoni?"

"Niko huku chini, mzee. Naomba unisaidie kukanyaga udongo uani kwangu, kidogo tu. Nina samaki wanakufa."

Tembo akacheka, ho! ho! ho!, masikio yakapiga pata-pata. "Mimi? Mtu mzima na heshima zangu, niponde matope ya kidude kama wewe? Hebu nenda kacheze huko."

Sange akakimbilia kwa Kiboko, jirani wa kushoto. Kiboko alikuwa amelala kivulini. Hata jicho hakufungua.

"Kama ni kazi," alisema Kiboko, "mimi sipo nyumbani."

Sange aliudhika. Nani asingeudhika? Umeomba kwa heshima, umeamkia, halafu unajibiwa hivyo! Akakaa njiani katikati ya nyumba zile mbili, kajikunyata. Ndipo akamsikia Tembo anapaza sauti.

"We Kiboko! Bado umelala? Funga mdomo huo, nzi watajenga!"

"Afadhali mdomo wangu," Kiboko akajibu, "kuliko masikio yako ya kuanikia mpunga!"

Sasa hapa lazima mjue jambo moja. Ukoo wa Tembo na ukoo wa Kiboko walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana hukasiriki, mwiko. Lakini mtani akikushinda kwa jambo lolote, hata kupiga chafya, basi umekwisha, atakuimba hadi siku ya matanga yako.

Chu-chu-chu! Pua ya Sange ikaanza tena.

Akarudi kwa Tembo. "Mzee, lile la udongo nimeliacha. Nimekuja kukuarifu tu. Leo uani kwangu kuna ngoma ya nyayo, kelele zisije zikakusumbua."

"Ngoma ya nyayo ndiyo ngoma gani?"

"Uwanja wa udongo mbichi, mstari katikati. Huku anacheza mtu, huku mtani wake. Wakimaliza yanamwagwa maji. Upande utakaopungua maji kwanza, mwenye upande huo hana kishindo, mwepesi, anapepea tu. Lakini wewe pumzika, mzee. Kwa kuwa huji, Kiboko atatangazwa mshindi."

"Atatangazwa nini?"

"Mshindi."

"Kamshinda nani?"

"Wewe, mzee."

Tembo hakuuliza tena. Alikuwa ameshatoka uwanjani kwake na geti hakulifunga.

Kwa Kiboko maneno hayakuhitajika mengi. Sange alimwambia tu kwamba Tembo yuko njiani anakwenda kumshinda. Jicho moja likafunguka.

"Kasemaje?"

"Hajasema kitu, mzee. Anacheka tu."

Jicho la pili likafunguka.

Jua lilipofika utosini, watani wawili walikuwa ndani ya shimo, Tembo upande wa kulia wa mstari, Kiboko upande wa kushoto. Chura akapanda juu ya ngoma kubwa ya Sange, tayari kuipiga. Sange, mwamuzi, akashika filimbi mkononi, akaimba kwanza yeye mwenyewe. Nanyi itikieni, msinikodolee macho:

"Mtani wako ana nyayo gani?"
"Kanyaga, kanyaga!"
"Za chuma au za pamba?"
"Kanyaga, kanyaga!"

Priii! Kro-kro-pa! Kro-kro-pa!

Gubu! Gubu! Gubu! Tembo akainua mguu, akautua, udongo ukalalamika chwaaa! Tii! Tii! Tii! Kiboko naye, mfupi mnene, anatwanga bila kupumzika. Sahani zikaruka kabatini kwa Sange.

"Unaburuza, mtani!" alipiga kelele Tembo.

"Nakusubiri wewe, mtani! Mguu wako mmoja unaondoka leo, unatua kesho!"

"Pembeni, wazee, pembeni!" alisema Sange. "Ufa huanzia pembeni. Kiboko, hapo kwenye kona umepaacha. Ah! Naona Tembo amepamaliza pake."

Kiboko akaivamia ile kona kana kwamba imemtukana. Wakacheza mpaka udongo ukang'aa, laini, umeshikana, huoni hata tundu la sindano. Jasho lilikuwa linawatiririka mpaka kwenye kope.

"Sasa maji," alisema Sange. "Kila mtu anajaza upande wake. Mwamuzi hajazi, isije ikasemwa amependelea."

Tembo akaenda mtoni, akavuta mkonga umejaa, akarudi, shwaaa! Kiboko akaenda, akajaza mdomo, akarudi, gulu-gulu-gulu! Tena. Na tena. Hakuna aliyekubali upande wake uonekane mkavu. Maji yakafunika mstari, yakapanda, yakafika ukingoni. Chura alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili na tumbo linamtetemeka.

Sange hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mtungi. Akautia ukingoni, akauacha upozwe na maji ya bwawa, kisha akawa anaingiza maji mapya kidogo kidogo kwa kiganja, kama Chura alivyomwelekeza, samaki wasishtuke. Halafu akauinamisha. Mmoja akatoka. Wawili. Wanne. Sita. Akasubiri. Ndani ya mtungi kimya.

"Toka, mwanangu," alinong'ona. "Toka. Ni pakubwa huku."

Yule mwenye mkia uliokatika akatoka ubavu ubavu, akazama, akapotea. Sange akafumba macho. Alipofumbua, kamkia kale kalikuwa kanapiga, pepe, pepe, kanawafukuza wenzake. Sange akashusha pumzi ndefu. Upesi upesi akachomeka ukingoni mayungiyungi na matete aliyoyang'oa Chura kidimbwini kwake, mizizi bado ina tope.

"Mwamuzi!" aliita Kiboko. "Nani kashinda? Na... wee, hao si samaki?"

"Hao ni mashahidi, mzee."

"Mashahidi?"

"Mashindano makubwa hivi bila mashahidi? Wako saba, tena hawana upande. Leo wako kwako, leo hiihii wako kwa mtani."

Kiboko akafikiri. Alikuwa amechoka, mgongo unamwaka kwa jua, na mbele yake maji yametulia, ya baridi. "Sawa," alisema, "lakini mimi naingia kujipoza kidogo." Akainua mguu, akautia majini, chubwi! Mawimbi yakapiga ukingo, perege saba wakatawanyika, tete moja likang'oka.

Mguu mwingine mmoja tu, na kazi yote ingekuwa supu ya samaki. Lakini sauti ya Sange ilitoka laini.

"Ingia, mzee, ingia bila wasiwasi. Anayetia mguu ndiye aliyeona ufa upande wake, anataka kuuziba kabla watu hawajauona. Mimi nitaandika tu."

"Ahaaa!" Tembo akaruka kwa furaha. "Mtani ana ufa! Jamani, njooni mwone, mtani anavuja!"

Chwop! Mguu ukatoka. "Nani anavuja? Mimi nilikuwa napima baridi tu!"

"Basi wote wawili mko salama," alisema Sange. "Hukumu ni ileile. Upande utakaopungua kwanza, mwenyewe ameshindwa. Na kutia mguu ni marufuku mpaka siku ya hukumu."

Watani wakatazamana kwa pembe za macho, wakaenda zao.

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, Sange amekaa na kikombe chake cha chai, akasikia gubu, gubu. Ni Tembo, kaja kuchungulia upande wake. Umepungua kidole kimoja! Bila shaka jua la jana lilikuwa limeyanywa, lakini nani alikuwa na haja ya kumwambia? Tembo akatazama huku na huku, akaenda mtoni, akarudi na mkonga umejaa, shwaaa, taratibu mtani asisikie. Alipoondoka tu, akaja Kiboko ananyata, mashavu yamevimba maji. Gulu-gulu-gulu.

Ikawa hivyo kila siku. Maji ya bwawa ni mamoja, watoto, humwagi kulia kushoto kukabaki. Akijaza Tembo, amemjazia Kiboko. Akijaza Kiboko, amemjazia Tembo. Hilo hawakuliona, maana kila mmoja alikuwa anatazama upande wake tu. Kiangazi kikazidi na visima vikakauka, bwawa la Sange limejaa hadi ukingoni. Mayungiyungi yakachanua, meupe, Chura akahamia juu ya jani moja na virago vyake.

Siku moja Kiboko alikawia kidogo baada ya kutema maji. Aliinama, akakaza macho. Chini ya jani, nyuma ya perege mnene mwenye mkia uliokatika ncha, palikuwa na vitoto vyake, vingi, vyembamba kama sindano.

"Sange," alisema, "mbona mashahidi wameongezeka?"

Sange akanywa chai yake funda moja, pua inacheza, chu-chu-chu.

"Kesi yenu ni kubwa, mzee. Itabidi wote wasikilizwe."

"Hata mimi nimeona ni kubwa," alisema Kiboko, akaenda kuchota maji mengine.

Basi, watoto wangu, siku mkijikuta mnatoka jasho kwa kutafuta sifa, ulizeni kwanza bwawa ni la nani.