Nani Ataipanda Baiskeli Hii?

Hadithi hii ilinifikia asubuhi nikiwa na haraka, nikaanza kuisoma nimesimama. Nilipofika mwisho nilikuwa nimekaa. Nakutumia na wewe. Ukimaliza, mpelekee yeyote unayemjua aliye kwenye kamati ya jambo lolote lile.

Palikuwa na kijiji juu mlimani kiitwacho Kwemtindi. Chini yake kulikuwa na kitongoji kinachoitwa Bondeni. Zahanati ilikuwa juu, na nesi alikuwa mmoja tu, Mwantumu, mwanamke mfupi na mwembamba ambaye ukimtwisha debe la viazi unabaki unajiuliza nani anambeba mwenzake.

Njia ya kushuka Bondeni ilikuwa mteremko mkali wa mawe, mizizi na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Pikipiki zilijaribu zikashindwa. Kwa miguu, hata ukikimbia, ni saa moja na nusu.

Mwaka mmoja, mama wa Bondeni alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na isikatike. Sindano ya kuizuia ilikuwa kwenye mkoba wa nesi, na nesi alikuwa njiani anakimbia. Alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Makaburini, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shekiondo, alisimama mbele ya watu akasema, "Jambo hili halitatokea tena nikiwa hai." Alisema kweli kutoka moyoni. Naomba ulikumbuke hilo, maana si mtu mbaya.

Kila kaya ikatoa viazi, vikauzwa, na watu watatu wakatumwa mjini kununua baiskeli ya nesi: Mwenyekiti, Mwalimu Kaniki wa shule ya msingi, na nesi mwenyewe.

Fundi wa duka lile aliitwa Sufiani. Aliwasikiliza wakimweleza njia yao, jiwe kwa jiwe, kisha akawatolea baiskeli tatu.

"Hii ya chuma haivunjiki," alisema, "lakini kwenye mteremko wenu itamrusha mtu. Hii ya pili ina shokapu, vile vya kumeza mtikiso wa njia, mbele tu. Mikono itapona, kiuno hakitapona, na gurudumu la nyuma litaruka kila likikuta jiwe. Hii ya tatu ina shokapu mbele na nyuma. Magurudumu yote mawili yanabaki chini hata njia ikiwa mbovu, na breki zake zinashika hata kwenye matope. Kwa njia mnayonisimulia, mimi ningechukua hii."

Wakakubaliana na hiyo. Hapo walichagua vizuri kabisa, na hakuna wa kuwalaumu.

Kisha fundi akauliza, "Nani ataipanda?"

Sasa, Kwemtindi kuna desturi ya heshima. Kitu kipya cha kijiji huanzwa na Mwenyekiti. Bomba la maji lilipofika, yeye ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza. Mashine ya kusaga ilipofungwa, debe la kwanza lilikuwa la mahindi yake. Hakuna aliyewahi kudhurika kwa hilo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulifikiria.

Mwalimu akamtazama Mwenyekiti. Nesi akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akakohoa kidogo.

"Itapandwa na kijiji," akasema.

"Basi keti juu yake, mzee, nikuwekee sawa."

Mzee Shekiondo ni mtu wa kilo mia na ushee. Alivua koti, akampa nesi alishike, akapanda. Fundi akachukua pampu ndogo, akajaza upepo kwenye shokapu ya mbele, akajaza na ya nyuma, akatazama, akajaza tena kidogo. Nesi alikuwa amesimama nyuma na lile koti mikononi. Alifungua mdomo, kisha akaona si adabu kumkatiza mkubwa mbele ya mgeni, akaufunga.

Siku baiskeli ilipofika kijijini, watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti akaizungusha uwanja mzima, hata juu ya mizizi ya mikaratusi, na ilimbeba kama amekalia godoro. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

Kesho yake nesi akashuka nayo. Kwenye mawe ya kwanza tu, ilimrusha juu ya kiti. Akajaribu tena, ikamrusha tena. Wiki ile ile alikwenda ofisini.

"Mwenyekiti, samahani. Baiskeli inanikataa."

"Inakukataa vipi? Mimi ilinibeba vizuri sana."

"Inadunda, mzee. Mimi naona kama haina shokapu kabisa."

"Utaizoea, mwanangu. Wewe bado mgeni nayo."

Nesi akasema asante, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa anaipanda kwenye tambarare, na kwenye mteremko anashuka anaikokota. Watu wakamtania kwamba nesi anaisindikiza baiskeli kwao. Na yeye akacheka nao. Kicheko kile kinaniuma kila nikikisoma.

Mwezi wa nne, saa nne asubuhi, simu ikapigwa kutoka Bondeni. Mwanahawa, mke wa Mbelwa, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na damu haikatiki.

Nesi akajifunga mkoba mgongoni. Siku hiyo hakuikokota. Alipanda kutoka mlangoni pa zahanati, akashuka nayo mteremko wote, akiinuka kwenye kiti kila jiwe, meno yakigongana. Alipita nusu ya njia. Kwenye ngazi ya mawe juu ya kijito, gurudumu la nyuma likaruka likampita kichwani.

Mkono wa kushoto ulivunjika. Aliuning'iniza kwa kanga, akaiacha baiskeli kijitoni, akaenda kwa miguu. Chupa za dawa zilikuwa nzima, kwa sababu alianguka kifudifudi makusudi asiuangukie mkoba.

Alifika. Mwanahawa alikuwa ameshafunikwa shuka.

Baada ya siku saba Mwenyekiti alikwenda mjini na baiskeli ile, akiwa na Mwalimu na nesi aliyefungwa bandeji ngumu. Alikuwa amekasirika mpaka sauti inatetemeka.

"Umetuuzia kitu kibovu! Mtu amekufa, unanisikia? Mtu amekufa!"

Fundi Sufiani hakubishana. Aliitazama baiskeli mbele na nyuma, kisha akasema, "Mzee, tafadhali keti juu yake."

Mwenyekiti akakaa. Kwenye fimbo ya shokapu kuna kipete kidogo cha mpira kinachoonyesha imezama kiasi gani, na kilisogea robo ya njia.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shuka." Akakirudisha kipete mwanzo. "Sasa nani alikuwa anaipanda?"

Nesi akasogea. Mwalimu akamshika mkono ulio mzima, akamsaidia kukaa.

Kipete hakikusogea hata kidogo.

Fundi akafungua kifuniko cha upepo cha nyuma, akatoa hewa, ikalia fyuuu, akapima, akatoa tena. Akafanya hivyo na mbele. "Keti tena, dada." Nesi akakaa, na baiskeli ikazama chini yake taratibu. Kazi yote haikuchukua hata dakika tano.

"Shokapu za baiskeli hii si za chuma," alisema fundi. "Ni za upepo, na upepo hupimwa kwa uzito wa mpandaji. Ukiwekwa wa mtu mzito, kwa mtu mwepesi shokapu hazizami. Zinamrusha. Baiskeli haina kosa, mzee. Nilikuuliza nani ataipanda, ukaniambia kijiji. Kijiji hakikai kwenye kiti."



"Na mimi nina langu," akaongeza kwa sauti ndogo. "Nilimwona dada huyu amesimama nyuma na koti lako. Nilimwona kabisa. Sikuuliza mara ya pili."

Mkono wa nesi ulipopona alianza kushuka Bondeni kwa dakika ishirini na tano. Tangu hapo amewahi kila alipoitwa, na wapo akina mama watatu wanaotembea leo kwa sababu hiyo. Lakini kabla ya hapo, siku ile ile waliyorudi kutoka mjini, Mwenyekiti alishuka Bondeni kwa miguu, peke yake, mpaka nyumbani kwa Mbelwa.

Alimkuta barazani akimnywesha mtoto maziwa kwa kijiko. Hakukaa kwenye kigoda alichoonyeshwa.

"Mbelwa, baiskeli haikuwa mbovu. Ilijazwa upepo wa kunibeba mimi. Niliulizwa nani ataipanda, na nesi alikuwa nyuma yangu, nikaona haya kusema si mimi. Halafu akaja kunieleza, nikamwambia atazoea. Aliyemwangusha nesi ni mimi. Nimekuja ulisikie kutoka kinywani mwangu kabla hujalisikia kwa watu."

Mbelwa alimfuta mtoto mdomo. Mwenyekiti akangoja amesimama.

"Mzee," Mbelwa akasema mwishowe, "siku ulipoizungusha uwanjani mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Mwanahawa alikuwa pembeni yangu na tumbo lake. Akaniuliza, 'Mbona nesi hajapanda?'"

Akakiweka kijiko chini.

"Nikamwambia anyamaze, watu wanatutazama."

Mzee Shekiondo akaketi.

Funzo: Chombo kizuri kuliko vyote kinaweza kuua kikipimwa kwa mtu asiyekitumia. Kabla ya kumpa mkubwa heshima ya kuanza, muulize mdogo atakayebeba kazi. Na ukisikia mtu pembeni yako anauliza, "Mbona yeye hajapanda?", usimnyamazishe.