Watu Watatu na Gunia la Jeshi

Sogeeni, kila mmoja akae anaposikia vizuri. Nitasimulia mpaka pale ninapoweza kufika. Pakinishinda, mtanisaidia ninyi.

Katika kijiji cha Lupando, kwenye vilima vya Rungwe ambako mvua haijui likizo, walikuwapo watu watatu ambao hakuna aliyewadhania kuwa na nguvu za ajabu.

Wa kwanza ni Lugano, mpeleka maziwa. Kila alfajiri alizunguka nyumba za wafugaji, akajaza madumu mawili, akayapeleka kwa miguu hadi kituo cha kupokelea maziwa. Miaka tisa alibeba maziwa ya wenzake, na kwake hakuwa na hata mbuzi. Kipaji chake kilikuwa njia. Ungemfunga kitambaa usoni angefika.

Wa pili ni Bi Atuganile, fundi cherehani wa sokoni, mwenye umbo nene na kicheko kikubwa. Kipaji chake kilikuwa sindano. Alichoshona yeye hakikufumuka. Ila siku hizi macho yalikuwa yanamwishia, na wateja walishaanza kunong'ona.

Wa tatu ni Tupoki, mchukuzi wa ndizi. Alitoa mikungu bondeni, akaipandisha kichwani hadi barabarani yanakosimama malori. Kipaji chake kilikuwa shingo na mgongo. Ila nesi wa zahanati alikuwa amemwambia mwezi uliopita, "Mama, shingo hii ukiendelea nayo hivi, mwaka kesho hutageuza kichwa." Tupoki ana watoto wawili wa kulisha. Tangu siku ile hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta la kufanya.

Sasa, siku moja ya soko, askari wawili kutoka kambi ya jirani walikuwa wanakunywa chai kwa mama ntilie. Mmoja, sajini, akasema kwa sauti ili watu wasikie, "Jaribio letu la utimamu wa mwili raia hawaliwezi. Hata nusu yake watatapika."

Tupoki ndiyo kwanza anatua mkungu. Akajifuta jasho. "Afande, na wewe umewahi kuupandisha huu kutoka bondeni?"

Soko zima likacheka. Sajini naye akacheka, lakini maneno yale yalifika kambini, yakamfikia mkuu wa kambi, Kapteni Nyasilu. Wiki haikuisha, likabandikwa tangazo: Jumamosi raia yeyote aje ajaribu. Vikundi vya watu watatu watatu. Kilomita kumi kwa dakika mia moja na ishirini, na gunia la mchanga la kilo arobaini. Gunia lisiguse ardhi. Mwisho wa safari litapimwa, na likipungua hata kilo moja, kikundi kimeshindwa. Wote watatu wavuke mstari pamoja. Zawadi ni mtamba wa maziwa, mwenye mimba ya miezi sita.

Tupoki alilisoma tangazo mara tatu. Kisha akaenda kwa Lugano, aliyekubali papo hapo, na kwa Bi Atuganile.

"Mimi?" Bi Atuganile akashika kiuno. "Mdogo wangu, mimi nikipanda ngazi za kanisa napumzika katikati."

"Nimeshawauliza wengine wote, dada. Wamenicheka."

Bi Atuganile akacheka. "Haya. Andika jina langu. Lakini kiongozi ni wewe."

Jumamosi vikundi kumi na viwili vilijipanga, kumi na kimoja vya vijana wenye vifua vipana, na kimoja cha hawa watatu. Filimbi ikalia. Vijana wakatoka kama wamefukuzwa na nyuki. Lugano akasema, "Waacheni. Twendeni mwendo wa madumu."

Hawakuwa wamemaliza kilomita mbili, ukungu ukashuka. Si ukungu wa kusema utapita; ulikuwa mzito kiasi kwamba Tupoki, akiwa na gunia kichwani, hakuona miguu yake. Vijitepe vya kuonyesha njia vikapotea. Wakawasikia wenzao wakiitana huko kwenye mashamba ya chai, sauti zikizidi kwenda mbali. Lugano akatangulia. "Shikaneni nguo. Hapa kuna jiwe, ruka. Hapa kuna mfereji." Hakusita hata mara moja. Walipotokea ng'ambo, vikundi tisa vilikuwa vimepotea. Bila Lugano na wao wangekuwa huko huko.

Wakafika kwenye uzio wa seng'enge wenye upenyo mwembamba. Tupoki alikuwa na haraka. Hakusubiri kusaidiwa, alijipenyeza na gunia likiwa begani. Akasikia *chwaa*. Mchanga ukaanza kumwagika mgongoni kwake kama maji.

"Mungu wangu, nimewaua!" alipiga kelele, huku akiziba kwa kiganja. Tundu lilikuwa refu kuliko mkono wake.

"Shikeni hivyo hivyo, msiliteremshe," akasema Bi Atuganile. Akapapasa ukosi wa gauni lake, akatoa sindano. Uzi hakuwa nao. Akazivua shanga za shingoni, akazikata kwa meno. Shanga zikatawanyika majanini, ukabaki uzi wa nailoni. Kuutia kwenye tundu la sindano ndiyo ikawa kazi. Alijaribu mara ya kwanza, ya pili, ya nne. Machozi yakamlengalenga. "Nitazamie, Lugano, niko wapi?"

"Juu kidogo, dada. Hapo hapo."

Ukaingia. Akashona, wawili hao wakilishika gunia hewani. Mchanga ukaacha kumwagika. Bila Bi Atuganile wangefika na gunia tupu.

Vikundi viwili vilivyobaki walivikuta darajani. Kimoja gunia lilikuwa limedondokea mtoni. Cha pili walikuwa wanagombana na mmoja ameshavua viatu. Mbele kulikuwa na mlima, kilomita mbili na nusu za kupanda tu, na dakika arobaini.

Hapo ndipo Lugano alipoanguka. Misuli ya paja ilimkaza hadi akang'ata nyasi. "Tuache," akasema. "Tumejitahidi. Tuache." Bi Atuganile naye alikuwa ameinama pembeni anatapika.

Tupoki akasokota kanga yake ikawa ngata, akajitwika gunia. "Ninyi jibebeni wenyewe tu. Hili niachieni."

Walikuwa wamekubaliana kupokezana gunia wote watatu. Mlima ule akaubeba peke yake. Shingo ililia, ikawaka moto, kisha ikafa ganzi, na hilo lilimtisha kuliko maumivu. Hakusimama. Nyuma yake Lugano alichechemea, akimvuta Bi Atuganile kwa mkono. Bila Tupoki mtamba angelala kambini.

Wakavuka mstari dakika ya mia moja na kumi na nane. Gunia likawekwa kwenye mizani: kilo thelathini na tisa na nusu. Sajini yule akawapigia saluti, na safari hii hakucheka.

Kapteni Nyasilu akamleta mtamba mwenyewe, mweusi mwenye mabaka meupe, amejaa. Akasema, "Zawadi ya kambi haiuzwi wala haizungushwi nyumba kwa nyumba. Itakaa kwa mtu mmoja, na daktari wetu wa mifugo atamfuata huko huko. Kiongozi wa kikundi, nitajie jina niandike."

Kabla Tupoki hajajibu, Lugano akasema polepole, "Bila mimi hamngetoka kwenye ukungu."

"Na ulipotaka kuacha?" Bi Atuganile akamgeukia. "Gunia lingepimwa nini bila sindano yangu? Tena sikulichana mimi."

"Lakini ni wewe tuliyekuwa tunakusubiri kila kilima, dada," Lugano akajibu.

Kila mmoja akajionea aibu. Kisha Bi Atuganile akasema kwa upole, "Tupoki, tumekuachia. Utakayemtaja hatutakununia."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama wangempigia kelele. Aliwaza Lugano na madumu yake ya miaka tisa. Aliwaza macho yale yaliyohangaika na tundu la sindano. Aliwaza shingo yake, watoto wake, na kwamba ni yeye aliyewaita wenzake, na ni yeye aliyelichana gunia. Akijitaja, wataona ni uchoyo? Asipojitaja, Jumatatu anarudi bondeni kubeba ndizi.

Mtamba akavuta kamba. Kapteni akafungua kalamu. "Mama, nakusikiliza."

Tupoki akafumbua mdomo.

Mimi hapo ndipo paliponishinda. Mmoja aliona njia pasipoonekana, mmoja alishona kilichochanika, mmoja alibeba kilichowashinda wenzake. Na kila mmoja kuna mahali alipokaribia kuwaangusha wote. Kapteni bado ameshika kalamu. Haya, mwenzangu uliyekaa hapo: ungekuwa wewe ndiye Tupoki, ungemtaja nani?