Daftari la Bluu na Daftari Jekundu

“Madaftari mawili, kaburi moja.” Mmeisikia leo kwa nesi wa kituo cha afya, wewe Nambua na mwenzako mnaosomea unesi, mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Imetoka humu nyumbani. Methali hii ilianza hivi: Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka elfu mbili na kumi na nne, saa mbili asubuhi, bibi yenu Nakijwa, mke wangu, aliangusha ungo wa mchele, akakaa chini kama mtu aliyesukumwa.

Alikuwa na kisukari, mwaka wa sita huo. Kituoni walimpa vidonge, wakamwambia anunue daftari la kuandikia vipimo. Tukanunua la bluu. Sukari ikagoma kwenye kumi na saba. Kila mwezi daktari anamgombeza, “Mama, unakula nini wewe?” Anakula makande kama sisi sote, angekula nini?

Ndipo tukaenda kwa Mchina wa mjini, Daktari Lin. Watu husema dawa zake ni majani matupu. Uongo. Mizizi ile ya manjano, michungu kuliko mwarobaini, ukiichemsha mara mbili kwenye chungu, inakamata sukari. Nimeona kwa macho yangu. Lin naye akataka daftari.

Sasa, wiki ile ile daktari wa kituo alikuwa amemwaga chupa ya mizizi ya mama mmoja mbele ya foleni nzima. “Wa Mchina aende kwa Mchina! Hapa asirudi!” Na Lin, kupitia mkalimani wake, alisema hamtibu mtu anayemeza vidonge vya wengine.

“Baba Elinami, tutafanyaje?” Nakijwa akaniuliza.

“Tunanunua jingine.”

Nikanunua jekundu. Siku ya Lin la bluu linalala chini ya godoro, siku ya kituo linalala jekundu. Nilijiona mjanja kuliko wasomi.

Februari sukari ikashuka hadi kumi na moja. Daktari akapiga meza. “Vidonge hivyo! Ongeza kimoja, tuimalize sukari hii.” Siku tatu baadaye Lin akapima, kumi na moja. Akacheka mpaka macho yakapotea. Mizizi hiyo! Ongeza pakiti. Kila mmoja alijipongeza kwa namba ile ile, na mke wangu akaongezewa huku na huku.

Jumatano ile alikuwa amemeza vidonge vya kituo na kunywa mizizi ya Lin, uji haujaiva. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka.

“Baba Elinami, sioni vizuri.”

“Sukari imepanda. Kunywa mizizi.”

“Nimeshakunywa.”

“Kunywa tena, mwanamke mbishi!”

Akanywa. Miaka thelathini na moja ya ndoa, siku hiyo ndiyo alinitii bila ubishi.

Tulimfikisha kituoni hajitambui. Nesi akamtoboa kidole, akapiga kelele. “Moja nukta sita! Imeshuka, baba! Umempa nini?”

“Imeshuka? Kwani sukari inashuka?”

Miaka sita wananihubiria kupanda. Hakuna hata mmoja kati ya wenye makoti meupe aliyewahi kuniambia kwamba ikishuka sana inaua, na kwamba ukiiwahi, uji wenye sukari humrudisha mtu. Nikaweka madaftari yote mawili mezani. Daktari akayafungua pamoja, akasoma tarehe kwa tarehe, akavua miwani. Walimtundikia dripu. Saa saba mchana akafa.

Mazishini daktari alisimama upande mmoja wa kaburi, Lin upande wa pili, hawatazamani. Shemeji yangu Nakunda, dada wa marehemu, akawaangalia wote wawili, kisha akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti, mchungaji bado anaomba: “Madaftari mawili, kaburi moja.” Kufika Jumapili soko zima lilikuwa linasema.

Niliyaficha mimi, sikatai. Lakini anayemwaga dawa ya mtu hadharani ndiye anayewafundisha watu kuficha. Mkishakuwa manesi, mwulizeni mgonjwa anakunywa nini kingine, na mwulizeni kwa upole, ajibu. Madaftari mawili, kaburi moja: sasa mnaijua.

Ila kuna jambo nilimwuliza daktari, nikamwuliza Lin, nikamwuliza na mchungaji, na sasa nawauliza ninyi. Vidonge vilikuwa vinaponya. Mizizi ilikuwa inaponya. Basi Nakijwa aliuawa na nini?