Chui Alipokula Kiapo

Nikisema "Chungu kiko jikoni," ninyi itikieni "Na mfuniko wake."

Chungu kiko jikoni.

— Na mfuniko wake.

Nani kaufunua?

— Si mimi.

Nani kaonja?

— Si mimi.

Mbona midomo inang'aa?

— Ni mafuta ya nywele.

Haya, waongo ninyi, kaeni vizuri. Mimi uongo siuwezi. Nilijaribu nikiwa darasa la nne, nikafeli. Haya nitakayowaambia sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho haya, nimekaa safu ya pili, baina ya Kanga na mumewe, na huyo Kanga alinikanyaga mguu. Alama ninayo mpaka leo. Asiyeamini aje nimvulie kiatu.

Palikuwa na nchi ya wanyama, na katika nchi hiyo wakubwa walikuwa wale wenye rangi ya majani makavu. Simba, Chui, Pofu, Swala, hao ndio waliokaa kivulini. Wenye rangi nyeusi walikaa juani, ati kwa sababu wamekwisha kuungua, jua litawafanya nini tena.

Siku ya sherehe ya mavuno Bibi Pofu, mama yake Hakimu, akapika chungu kikubwa cha maboga ya nazi. Akakiepua, akakifunika, akaenda mtoni kuoga. Kurudi, chungu kitupu. Kimelambwa mpaka kinang'aa, na kabla ya hapo hakuna mgeni hata mmoja aliyekionja.

Bibi akapiga yowe. Wanyama wakaja mbio, tifu, tifu, tifu. Wa kwanza kufika alikuwa Chui, tumbo limetangulia. Chui ana nguvu, hilo halina ubishi, na ulafi wake ni wa kiasi kwamba akialikwa kwenye chakula cha watu kumi, wale tisa hubaki nyumbani kupunguza aibu. Basi kabla hajaulizwa na mtu, Chui akasema aliyeiba ni Mbega.

Mbega ni yule kima mweusi wa mitini, mpole, chakula chake majani, mabegani ana manyoya meupe kama mtu aliyejitanda shali. Wakati huo alikuwa juu ya mti akimbembeleza mwanawe. Wakamteremsha, wakamfunga kamba ya katani, wakampeleka mahakamani.

Hakimu Pofu alikaa juu ya kichuguu. Pofu, kama hamumjui, ni yule mnyama mkubwa mwenye pembe za kujisokota. Si kipofu, ingawa siku ile ungedhani ni mtu na ndugu yake. Akagonga kwato: ko, ko, ko. Watu kimya. Mshitaki akasimama, na mshitaki alikuwa nani? Chui.

"Chungu kina masizi," akasema Chui. "Masizi yakoje?"

"Meusi," wakaitikia wanyama.

"Na Mbega?"

"Mweusi."

"Basi?"

"Basi ni yeye."

Mbega akajitetea. Akasema yeye boga hata kulimega hajui, na tena, kama weusi wake ni masizi ya chungu, mbona mabegani ni mweupe? Chui akasema huo weupe nao kauiba, ila bado haijajulikana wapi. Mzee mmoja wa kobe akauliza, kwa adabu kabisa, na yale madoa meusi mwilini mwa mshitaki je? Chui akajibu kwamba yale si madoa. Ni vivuli vya majani, vilimwangukia utotoni vikapenda kukaa. Hakimu akatikisa kichwa, akasema jambo hilo limeeleweka.

"Mwizi hupenda kiza," Chui akaendelea. "Kiza kikoje?"

"Cheusi."

"Na Mbega?"

"Mweusi."

"Basi?"

"Basi ni yeye."

Mara akaingia mke wa Mbega na mtoto kifuani. Sasa sikilizeni, hili ni kweli tupu, nendeni msituni mkatazame: mtoto wa mbega huzaliwa mweupe, mweupe pe, kama pamba. Weusi humjia baadaye. Hakimu alipomwona akatabasamu. Akasema kijana huyu ana sura ya uaminifu, akaamuru apewe karanga. Chui akainama kumnong'oneza Hakimu, na mimi masikio yangu hayana mchezo, nikasikia: "Tumngoje. Akianza kuiva tutamkamata."

Hukumu ikatoka: Mbega atatupwa mtoni kwa mamba kesho yake, jua likisimama utosini. Ko, ko, ko. Kanga wakacheka, keke-keke-keke. Kanga hawa hucheka chochote.

Mbega hakulia. Alimwita mkewe karibu, akamwambia neno moja tu.

"Mpake majivu kila asubuhi. Asiwe mweusi upesi."

Hapo hata mimi, na moyo wangu wa jiwe, nilijikuna jicho.

Juu ya mwamba pale kando alikuwa amekaa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, kanene, ungekaona mezani ungekapaka siagi ukadhani ni mkate. Mkia hana, nguvu hana, cheo hana. Ana akili na sauti, basi. Kesi ilipokwisha akateremka zake, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Bibi Pofu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akampa pole ya chungu, akamsifia mafiga, akamsaidia kupuliza moto. Kisha akauliza yale maboga yalikuwa na nini hata mtu ashindwe kujizuia. Bibi akatazama huku, akatazama huku, akamnong'oneza kwamba iliki ilimwishia, akatia mchaichai badala yake. Akamwapisha asimwambie mtu, maana mawifi zake wakisikia watamcheka mpaka mavuno mengine. Pimbi akasema amefunga mdomo. Akamwomba apike chungu kingine, kama kile kile, ila safari hii atie iliki, yeye mwenyewe ataitafuta. Bibi akauliza cha nini.

"Cha kiapo, Bibi."

Bibi hakuelewa. Lakini mpishi aliyeibiwa chungu huwa anatamani kupika tena, basi akapika.

Kesho yake jua likaanza kupanda. Mamba wamekwisha kujipanga mtoni kama watu wa harusi. Pimbi akasimama mahakamani akaomba rufaa. Hakimu akakataa. Pimbi akafungua kinywa: wiiik, wiiik, wiiiiik. Aliyewahi kumsikia pimbi akilia anajua; kanga wawili walizimia, mmoja juu yangu. Hakimu akaziba masikio, akasema sawa, sawa, aseme.

"Huyu kadudu asiye na mkia ndiye wakili?" akauliza Chui.

"Mkia nimeuacha nyumbani, mzee," akasema Pimbi. "Unaangalia watoto."

Sasa katika nchi ile palikuwa na desturi. Mdogo haaminiwi mpaka ale kiapo. Mkubwa huaminiwa hivi hivi. Kwa hiyo Chui, tangu azaliwe, ameshitaki watu, ameshuhudia watu, amefungisha watu, na kiapo hajakila hata siku moja. Hakujua hata kikoje.

"Mheshimiwa," akasema Pimbi, "naomba mzee Chui ale kiapo kama sisi."

Hakimu akamkemea, akasema wakubwa hawali kiapo.

"Ni kweli, mheshimiwa, na nashukuru sana. Kiapo chenyewe leo ni chungu kimoja tu. Tutakila sisi wadogo."

Sikio la Chui likasimama, twi. Na la pili, twi.

"Chungu?" akauliza.

"Chungu, mzee."

"Kiapo kinaliwa kwelikweli?"

"Mzee wangu, umewahi kusikia mtu kanywa kiapo?"

Chui akafikiri. Hakuwahi. Siku zote amesikia fulani kala kiapo, fulani kala kiapo, akadhani ni maneno tu. Kumbe miaka yote hiyo wanyonge wanakula, yeye anatazama! Uchungu ukampanda, akageuka kwa Hakimu, akasema hii ni dhuluma, ni ubaguzi, haiwezekani mnyama anyimwe haki yake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

"Katika nchi hii sote ni sawa," akasema Chui, na machozi yanamlenga. "Na mimi nataka kiapo changu."

Bibi Pofu akaleta chungu. Pimbi akamwonya Chui kwamba kiapo kikiwa tumboni hutaka kweli. Ukisema uongo nacho, kinachacha. Chui hakumsikia vizuri, kichwa kilikuwa kimekwisha kuingia ndani. Mlaa, mlaa, mlaa. Glubu. Mlaa, mlaa. Akatoa kichwa, ndevu zinadondoka tui.

"Kikoje, mzee?" akauliza Pimbi.

"Kitamu."

"Kitamu tu?"

Chui akafumba macho kama mtu anayepima. Mlafi akishiba hujiona mpishi.

"Si kibaya," akasema. "Lakini cha jana kilikizidi. Kile kilikuwa na mchaichai. Hiki mmekitia iliki, na iliki inalipotezea boga adabu yake."

Hata kanga hawakucheka. Bibi Pofu akainuka polepole, mwiko mkononi.

"Chui mwanangu," akasema, "mchaichai umeuonjea wapi?"

Chui akafungua mdomo. Tumbo likamjibia, nguru-nguru-nguru. Akasema aliyekula si yeye, ni yale madoa yake meusi. Hakimu akaifikiria hoja hiyo, nilimwona kabisa akiifikiria, lakini mama yake alikuwa amekwisha kuinua mwiko.

Aisee, siku ile Chui alikula. Alikuwa kala maboga, akala kiapo, akala kibano cha mwiko, kwa, kwa, kwa, hasara akaila, aibu akaila, na mwisho akala kona, na vumbi lake halijatua mpaka leo.

Hakimu akakohoa. Akatangaza kwamba mahakama imeuchunguza upya weusi wa Mbega na kuona hauna uhusiano wowote na chungu. Wakamfungua kamba. Mkewe akamkimbilia, na mtoto akamrukia mgongoni, mwili wote majivu. Kisha Hakimu Pofu akateremka kwenye kichuguu, akapiga magoti mavumbini mbele ya watu wote, akasema, "Bwana Mbega, nimekukosea wewe na nyumba yako. Niwie radhi."

Hapo ngano nimeiepua, moto nimeuzima, mafiga nawaachia ninyi.

Na funzo lake ni hili, mlishike: ukikaribishwa chakula, kula unyamaze, usikosoe mapishi ya watu. Chui angesema tu "ahsante, kitamu," Mbega angeliwa na mamba kwa wakati, na sheria ingeheshimiwa na kila mtu.

Yote niliyosema niliyaona, hata ile iliki niliinusa. Ila moja nimelitia mimi. Hakimu hakupiga magoti, wala hakuomba radhi. Aligonga kwato, ko, ko, ko, akaita kesi ya Kunguru.